Mtoto Aliyesimama Mlangoni

Maskati, mwisho wa 1970

Kaka Seif,

Hili sijamwambia mtu yeyote, na wewe nakwambia kwa kuwa huwezi tena kunicheka. Nilikuonea wivu. Si ule wa kugombea kipande cha halua, huo ungekwisha zamani. Nilikuonea wivu siku uliyorudi, nikakuonea wivu ulipokuwa kitandani unakohoa, na siku wanaume walipokubeba kukutoa humu ndani, mama akashika mwimo wa mlango asianguke, mimi nilikuwa nyuma yake nawaza: mie nikifa, ataushika hivi? Ndiyo niliyokuwa nawaza, siku ya maiti yako.

Basi umeshajua. Ukitaka kasirika.

Naandika katika kile chumba kidogo cha tende. Mgongo nimeupa mlango na karatasi iko juu ya sinia lililogeuzwa. Kila nikisikia hatua naisukuma chini ya mkeka, na wino umeshachafuka mara mbili. Kalamu ni yako, ile ya Kuwait yenye kifuniko cha buluu. Nimeichukua bila kukuomba. Mama hawezi kuzisoma herufi hizi, yeye herufi zake ni za msahafu, kwa hivyo sijui najificha nini. Lakini unanijua.

Nimeandika Kiswahili makusudi. Kiingereza na Kiarabu nimefundishwa na Khatuni wa hospitali, ila kukiandika Kiswahili ulinifundisha wewe, mwaka ule tuliofika kutoka Unguja, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni, mpaka mama akatupiga sote wawili kwa mwiko mmoja. "Mwalimu kapigwa, mwanafunzi kapigwa, skuli imefungwa," ukasema. Nilicheka siku nzima. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa sijajua kuona wivu, au nilikuwa sijapata sababu.

Kwanza nikupe habari. Tuna sultani mpya. Lango la mji halifungwi tena usiku, na mtu akitoka baada ya isha halazimiki tena kubeba fanusi. Wewe ulikuja kwa kujificha, ukashushwa pwani ya Hail, ukapandishwa punda wa mchuuzi wa kuni, ukaingia mjini kidogo tu kabla lango halijafungwa. Ungevumilia miezi michache, kaka, ungeteremka kwenye ndege kama waungwana. Watu wanarudi. Kutoka Kuwait, kutoka Misri, kutoka Bahrain, wengine waliondoka kabla sijazaliwa. Kila ukipita uchochoroni unasikia vigelegele, kila nyumba inanuka udi na mbuzi. Leo karudi mtoto wa Bi Shamsa, jirani yetu, kutoka Cairo, amevaa suti na tai katika joto hili. Mama amekwenda kuwasaidia kupika. Alipokuwa anajitanda shela alisema, "Nnakwenda kumpokea wa mwenzangu." Akatoka.

Wamefungua skuli ya wasichana pia. Nimeitwa niwasaidie wadogo kwa Kiingereza. Mimi, ambaye hata chumvi dukani naiagiza kwa kunong'ona mpaka muuzaji ananiambia, "Binti, unaomba au unasali?" Nilimwendea mama mbio kumwambia. Alikuwa anashona kofia. Akaitua, akasema, "Seif angefurahi."

Nikangoja. Akaokota sindano akaendelea.

Ndiyo hali yetu. Hewa ikipoa, Seif angefurahi. Samaki akiwa nafuu, Seif alimpenda huyu. Na siku hizi ananiita kwa jina lako: "Seif, nipe maji." Nampa. Anakunywa, anasema ahsante baba. Nami nakwenda jikoni kuosha bilauri ile ile mara mbili.

Sasa tuje kwenye picha. Unazikumbuka picha za Khatuni? Nauliza nini, wewe usizikumbuke! Lakini mimi nilizijua kabla yako, na hilo nataka liandikwe.

Ulipoondoka kwenda Kuwait na bangili za mama, ulizomwomba ukauze upate nauli, mama akawa anaumwa macho. Labda kushona kofia, labda kulia, yeye alisema vumbi. Nikawa nampeleka kwa Khatuni, yule nesi mzee wa Kimarekani ambaye mtaa mzima unamwita hivyo, akatiwe dawa. Pale penye benchi la kungojea, ukutani, zilikuwa picha nne za karatasi, zimetiwa vioo, zimepangwa mstari. Zilikuwa za bibi yake mzaa bibi yake. Zilichapwa huko kwao Marekani zamani sana, nchi yao ikiwa bado changa, zikauzwa kwa bei rahisi watu wa kawaida wapate cha kutundika nyumbani. Karatasi imegeuka rangi ya chai. Rangi zimetiwa kwa mkono, na aliyezitia alikuwa na haraka, nyekundu ya koti imemwagika mpaka kwenye vidole vya mzee.

Hadithi ni ya Nabii Isa, imo katika Injili yao: mtu mmoja alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mdogo akataka fungu lake baba akiwa hai, akapewa, akaenda nchi ya mbali, akalila lote na marafiki, akaishia kuchunga nguruwe, akarudi kwao uchi na njaa, na baba akamkumbatia na kumchinjia. Lakini mchoraji hajaiona nchi ya manabii, akachora majirani zake. Baba kavaa koti lenye vifungo kama visahani, suruali inaishia magotini, soksi nyeupe, viatu vya bizimu, kofia ya pembe tatu. Nyumba ya mbao, na juu bomba la moshi, na moshi wenyewe unatoka, mweusi, umeviringwa kama kilemba. Mama siku ya kwanza alizikodolea macho yake mabovu akasema, "Hawa manabii wa wapi wenye soksi? Maskini, na joto hili."

Khatuni alinipa kazi ya kuzifuta vumbi, kila alasiri baada ya masomo. Nilikuwa nazishusha moja moja, nazipangusa, nazirudisha. Nikawa najua kila mstari wa kalamu ya yule mchoraji. Hakuna kitu nilichokitamani kama picha ya nne, ile ya kurudi. Sikuomba. Miaka yote ile sikuomba. Nilikuwa nasubiri siku moja Khatuni ageuke aseme, chukua, Zuwena, hii ni yako.

Na sasa nakupa siri yangu ya pili. Khatuni kazipanga kama wanavyosoma wao, zinaanza mkono wa kushoto. Wanawake wa benchini hawajui maandishi ya chini, na macho yao yamezoea msahafu. Wakazisoma kutoka mkono wa kulia. Kwa hivyo hadithi yao ilikuwa hivi: kwanza mzee anamkumbatia kijana maskini, anamuaga. Kijana anakwenda mbali, anapata kazi ya kuchunga. (Nguruwe hakuna aliyewataja. "Kondoo wa kwao hao, hawana manyoya," alisema mmoja.) Kisha anafanikiwa, yuko mezani na sahani na mabibi wenye kofia za manyoya. Na mwisho karudi kwa baba yake, nguo safi, na mfuko wa dhahabu uko kati ya mikono yao, anampa baba. Hapo walikuwa wanaitika wote, "Mashaallah, kijana mwema!"

Na mama? Mama alikuwa anakutafuta wewe humo. Kila tukienda anauliza, "Hebu Zuwena, ya pili ile, bado anachunga?" Kama picha ingeweza kubadilika wiki hadi wiki. "Sasa Seif wangu yuko hapo, anachunga, ndo maana haandiki." Mwaka uliofuata akakusogeza: "Sasa atakuwa ameshafika mezani. Watu wa mezani hawana wakati wa barua." Akawa anangojea mfuko.

Mimi nilijua. Khatuni alinitaka niwasimulie kwa Kiarabu ilivyo hasa, nikafungua kinywa pasitoke kitu, wakanicheka, nikakimbilia nyuma ya pazia. Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Lakini baadaye, kaka, haikuwa kwa kuona haya. Njiani tukirudi, mama kanishika bega, ananisimulia meza yako na sahani zako, nilikuwa ninaweza kumwambia. Sikumwambia, na si kwa huruma. Nilikuwa na raha yangu ndogo: najua kitu juu ya mwanawe mpenzi ambacho yeye hakijui. Nilikilamba kama peremende. Najua unavyorudi, nikawa nasema moyoni. Hutarudi na mfuko.

Na kweli ukarudi.

Nilikuwa uani nampa mbuzi wangu kokwa za tende zilizorowekwa na dagaa wakavu. Yule mbuzi nilimlea tangu mdogo wa kubebwa mikononi, mama alisema akizaa, maziwa ni yangu. Nikasikia mtu anakohoa mlangoni, halafu mama akapiga ukelele ambao sijausikia tena mpaka siku uliyokufa. Nilipotoka, ulikuwa umepotelea ndani ya shela yake, nikaona tu visigino vyako, vimepasuka kama udongo. Na sanduku la bati lenye shati moja. Mama alikutazama kidogo, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta vyombo vimehamishwa. Haikuwa picha aliyokuwa anaingojea. Ilikuwa ile anayoijua kuwa ya kwanza. Halafu akakukumbatia tena, kwa nguvu zaidi.

Kabla ya magharibi mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Hakuniuliza. Kofia niliyokuwa nimeimaliza wiki ile, ya viua vidogo vidogo, kofia nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, iliyokuwa iende dukani, aliichukua juu ya mto wangu akakuvika mwenyewe. Wakaja majirani, wakajaa mpaka ngazini. Bi Shamsa akaniona nimesimama mlangoni akasema kwa sauti ya watu wote, "We Zuwena, umenuna kama aliyeletewa mke mwenza! Ingia ule, kaka'ko karudi." Wakacheka. Na wewe ukacheka. Nikasema tumbo linaniuma.

Nilisimama pale mlangoni usiku ule mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipokwenda jikoni kunywa maji niliona kawa limefunika kitu. Nikalifunua. Maini. Maini ya mbuzi wangu, yamekaangwa kwa ndimu na pilipili manga kama ninavyoyapenda mimi, hakuna mtu nyumba hii anayeyapenda hivyo ila mimi. Nikawaza: hata haya kamfichia yeye, ayale watu wakishaondoka. Nikalichukua bakuli nikaja kukuwekea mbele, nililiweka kwa kishindo. Ukaniuliza, "We umekula?" Nikasema nimeshiba. Ukala yote ukaramba vidole. Mama alikuwa kule upande wa pili kati ya wageni, akanitazama. Nilidhani ananikasirikia kwa kishindo.

Kisha ukalazwa kwa Khatuni. Na hapa ndipo uliponimaliza.

Hukuwa umekaa hata wiki. Nilikuja na chakula nikakukuta umeketi chini ya zile picha, unacheka mpaka kikohozi kinakukunja. "Zuwena! Huyu si mimi huyu? Hata nguruwe nawajua kwa majina!" Khatuni naye anacheka, Khatuni ambaye mimi miaka yote ile sijawahi kumchekesha. Mama akakuuliza unacheka nini, mwanangu, ukamwambia hadithi nzuri. Akakusimulia yake, kuanzia kumbatio mpaka mfuko, kidole chake kinakwenda kutoka kulia. Nilijua utamwambia. Wewe husema kila kitu.

Ukasema, "Ndiyo, mama. Inaanzia hapo hapo, kwenye kukumbatiana. Ndipo mtu anapoondoka."

Mama akaitika amina, sijui kwa nini amina. Mkashikana mikono. Na mimi niliyezipangusa miaka yote, ninayejua maandishi ya chini neno kwa neno, nilikuwa nimesimama na sufuria la uji, sina pahala pa kuliweka. Nilielewa, kaka. Ulikuwa umeshaambiwa hali yako, na mama alikuwa hajaambiwa. Nilielewa kabisa, na bado nilikuonea wivu, kwa sababu hata kufa kwako kulikuwa siri yenu wawili na mimi sikuwamo.

Halafu siku ya kutolewa hospitali ukamwambia Khatuni, hivi hivi, kama mtu anayeomba kiberiti: "Nipe ile ya mwisho niende nayo." Akaitoa ukutani akakupa. Basi! Rahisi hivyo. Nilibaki natazama msumari mtupu. Wewe uliomba. Bangili uliomba, mbuzi hukuomba ukapewa, na picha uliomba. Mimi nangojea nipewe, watu hawajui kama nangojea.

Mama aliikubali kwa sharti lake. Picha ina viumbe, haitasaliwa mbele yake. Kwa hivyo kila wakati wa sala anaigeuza iangalie ukuta, akitoa salamu anaigeuza tena. Ulipokuwa hai ulikuwa unamtania: "Mama, mzee anachoka kugeuzwa geuzwa, ana miaka mingi huyo." Umekufa, bado anaigeuza. Mara tano kutwa anaishika picha yako kwa mikono miwili. Nimemwona. Mimi hunishika bega tu, tukivuka mtaro.

Nikaanza kuichukia. Na ndani ya picha ile yuko mtu ambaye wewe hukumwona, nadhani. Nyuma kabisa, mlangoni, mdogo kama kidole cha mwisho, amekunja mikono. Ndugu wa yule kijana. Aliyebaki nyumbani akafanya kazi. Aliyetia rangi alimsahau: baba ana nyekundu, yule aliyerudi ana kijani, hata mbwa ana kahawia, yeye ana rangi ya karatasi. Nilipokuwa nazipangusa nilikuwa namsalimia. Nilimwuliza Khatuni habari zake, hilo niliweza kuuliza, tulikuwa peke yetu. Akasema alikasirika, akakataa kuingia ndani kula, na baba yake akatoka nje kumsihi. Nikauliza, mbona hilo halikuchorwa? Akasema, labda karatasi ilikwisha. Nikauliza, akaingia? Akasema hadithi haisemi.

Sasa nakwambia kilichonileta kwenye kalamu.

Jana alasiri mama alitawadha, akaja kuigeuza picha. Macho yake yamepata nafuu, Khatuni kafanya kazi. Akaishika, akaacha kuigeuza. Akaisogeza usoni mpaka pua inagusa kioo.

"Zuwena."

Aliniita mimi. Kwa jina langu. Karibu nisiitike.

"Na huyu mtoto wa mlangoni nani? Kule hospitali sikumwona."

Nikasema, ndugu yake, mama. Aliyebaki nyumbani.

Akamfuta kwa kidole, akidhani ni vumbi. Hakutoka. "Amekula?"

Katika watu wote walioitazama picha ile tangu ichapwe, nadhani hakuna aliyeuliza hilo. Nikasema, hakula, mama. Alinuna. Alikataa kuingia.

"Aliwekewa," mama akasema.

Nikasema hadithi haisemi hivyo.

"Haisemi kwa kuwa wanaume ndio walioihadithia. Wamemchora baba, wamemchora mbwa. Na moshi huu? Jikoni yupo nani, moshi umejipika wenyewe? Mama yao yumo humo ndani anachemka na masufuria, hana nafasi hata ya kutoka kukumbatia mtu, na huyu wa mlangoni kamuwekea. Pembeni, chini ya kawa." Akaigeuza picha ikatazama ukuta. Akatandika mswala. Akasema huku kanipa mgongo, anaunyoosha ncha: "Kama mie nlivyokuwekea maini yako, ukenda kumpa kaka'ko. Nlikuona. Nyumba imejaa watu, ntasema nini? Nikasema moyoni, mtoto huyu ana moyo mkubwa."

Akasema Allahu akbar, akafunga sala.

Moyo mkubwa! Seif, unasikia? Nilikutupia lile bakuli kama mtu anayemtupia paka. Yalikuwa yangu. Ulikula maini yangu ukaramba vidole, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuletea, na miezi yote hii nimelala nikiyahesabu kati ya vitu ulivyopewa wewe. Nilisimama nyuma ya mama mpaka akamaliza rakaa zake. Nilitaka kumwambia si moyo mkubwa, mama, nilikuwa nimenuna tu. Alipotoa salamu aliigeuza picha, akaniambia nimtie uzi kwenye sindano, nikamtia.

Usiku kucha nimekuwa nafikiri juu ya vile vitu ambavyo labda viliwekwa chini ya kawa na mimi sikufunua, au nilifunua nikadhani si vyangu. Sijui ni vingapi. Alivyosema Seif angefurahi, labda alikuwa ananipa alichokuwa nacho, kizuri kuliko vyote alivyobakiwa navyo. Labda. Au labda alikuwa anakuwaza wewe tu. Sitaki kukudanganya kwamba wivu umekwisha. Asubuhi hii kaniita Seif tena nikauma meno. Lakini uliuliza, "We umekula?" Hilo pia nililisahau mpaka jana. Uliniuliza, ukiwa na njaa ile, na mkono wako umeshafika bakulini ukauzuia. Nilikujibu uongo.

Basi kaka, nikuage. Sikukuaga siku ile, nilikuwa nahesabu nani kashika mwimo. Kwaheri, Seif wa mama, na Seif wangu wa mkaa na ukuta wa jikoni. Mungu akupe huko pahala baridi pasipo kikohozi, na akupokee kama yule mzee mwenye soksi, mikono yote miwili. Kalamu sirudishi. Na ahadi yangu ni hii moja: nikiwa na njaa nitasema nina njaa. Nikitaka kitu nitakiomba, kwa sauti ya mtu wa dukani, wacha wacheke. Nitaanza na mama.

Nasikia hatua uchochoroni. Ni zake, kandambili la kushoto linaburura. Mlango wa nje umelia. Harufu ya pilau ya Bi Shamsa imetangulia kuingia, kwa hivyo kuna kitu amebeba. Anapanda ngazi. Ataniuliza naandika nini, nami nitamsomea yote, hata pale penye wivu, hata pale penye picha zinaanza kushoto, na namjua, atasema Wazungu ndio waliokosea kuzitundika.

Mkeka uko hapa karibu na mguu wangu. Karatasi naiacha juu ya sinia.

Nduguyo,
Zuwena